67df au 6fdf: kuchagua vifaa vya Hackintosh Unguja na Pemba

Weka kadi mbili za grafiki juu ya kaunta, zote zimeandikwa Radeon RX 580 8GB, zote za feni mbili na plagi ya pini nane, hata vumbi lake moja. Muuzaji atakwambia, "Zote sawa sheikh, chukua unayoipenda," wala hakudanganyi, kwa sababu kwenye Windows zote mbili zitacheza geimu na kufungua video bila ya matata. Zipeleke kwenye macOS uone. Moja itawaka kama iliyozaliwa humo, nyengine itakuachia kioo cheusi. Stika haitakusaidia kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni tarakimu nne ambazo kila kadi huzitaja kompyuta inapoiuliza jina: moja hujibu 67df, nyengine 6fdf.

Karibu kila kosa la mtu anayeunga Hackintosh limo ndani ya mfano huo. Ananunua jina, halafu macOS inasoma namba.

Kwa asiyejua: Hackintosh ni kompyuta ya kawaida uliyoiunga mwenyewe ukaitilia macOS, mfumo ambao Apple huutoa kwa mashine zake tu. Leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye kompyuta zenye nembo yake peke yake, kwa hivyo humu huna dhamana, na mashine hii usimuuzie mtu kwa jina la Mac. Pamoja na hayo wakataji wa video za harusi wanaoitaka Final Cut Pro na watu wa studio wanaoitaka Logic Pro bado wanaziunga, maana vifaa vyake ni vya mtumba na vinapatikana.

Windows hubeba draiva za dunia nzima. macOS inabeba draiva za vifaa ambavyo Apple yenyewe iliwahi kuvitia kwenye Mac, basi. Ndiyo maana njia fupi ni kuangalia Mac ya kweli imeundwa kwa nini, kisha ukaunga pacha wake. iMac ya inchi 27 ya mwaka 2019, inayoitwa iMac19,1 ndani ya mfumo, ilitoka na Core i5-8500 na Radeon Pro 570X, na ya juu yake ikawa na 580X. Sasa angalia mtumba wa Mlandege na Darajani: i5-8500 zimejaa ndani ya kompyuta za maofisini, na RX 570 na 580 zimejaa kwenye boksi zilizotoka kwa wachimba sarafu za kidijitali, hasa baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Pacha wa iMac19,1 yuko mtaani kwako, kazi ni kumtambua.

Kabla ya vifaa, chagua toleo la mfumo, kwa sababu toleo ndilo linaloamua vifaa. Apple ilianza kutoka Intel mwaka 2020 kwa chipu za M1, na Tahoe, yaani macOS 26 ya mwaka 2025, ndilo toleo la mwisho linalokubali Mac za Intel. Mimi sishauri Tahoe kwa mashine ya kazi: imeondoa draiva ya sauti, AppleHDA, ambayo AppleALC, nyongeza ya sauti ya Hackintosh, huitegemea, kwa hivyo matundu ya sauti ya bodi hukaa kimya mpaka uirudishe mwenyewe kwa viraka. Sequoia, yaani macOS 15, ndipo pa kusimama. iMac19,1 inaishia hapo hapo, tena haina chipu ya usalama ya T2, kwa hivyo apdeti zake huja bila ya hila nyingi.

Prosesa na bodi sitakawia. Tafuta Intel ya kizazi cha 8, 9 au 10, kuanzia i3-8100 kwenda juu, yenye grafiki ya UHD 630 ndani yake. Herufi F mwishoni, kama i5-9400F, maana yake haina grafiki ya ndani. Inafanya kazi ukiwa na kadi ya AMD na ukatumia kitambulisho cha iMacPro1,1, lakini siku kadi ikifa huna pa kuchomeka kioo. Kizazi cha 11 na 12 grafiki yake ya ndani haijulikani na macOS kabisa. Pentium na Celeron ziache zilipo. Ryzen ya AMD inakwenda kwa viraka vya kenali, yaani kiini cha mfumo, ila ukitaka Docker au mashine pepe ndani ya macOS utagonga ukuta.

Kwenye bodi kuna mtego mmoja wa soketi. LGA1151 zipo mbili zinazofanana kwa macho: bodi za mfululizo wa 100 na 200 haziwashi kizazi cha 8, hata kama prosesa imekaa vizuri na mlango wake umefunga. Kwa i5-8500 unataka H310, B360, H370, Z370 au Z390. Kwa i5-10400 au 10500 soketi ni LGA1200, bodi H410, B460 au Z490. Soma jina lililochapwa kwenye bodi yenyewe, karibu na nafasi za PCIe. Boksi hubadilishwa.

Sasa turudi kwenye kadi, ambapo ndipo pesa inapopotea.

NVIDIA isahau. GTX 1050 na 1060 ziliishia High Sierra ya 2017, GTX 1650 na RTX zote hazijapata draiva hata siku moja, na GT 710 za Kepler zimefika Big Sur zikakoma. Kwa upande wa AMD, RX 560, 570 na 580 ziko salama, RX 5500 XT, 5600 XT na 5700 XT ziko salama, na pia RX 6600, 6600 XT, 6800, 6800 XT na 6900 XT. Lakini RX 6700 XT haimo, ingawa imekaa katikati ya ndugu zake wanaokubalika. RX 6400 na 6500 XT hazimo. Mfululizo wa 7000 wote haumo. Mtu anapokwambia "AMD yoyote inakubali", huyo hajaunga hata moja.

Kadi zote hizi kuanzia 5500 kwenda mbele zinataka neno agdpmod=pikera kwenye boot-args, maagizo ya kuwashia yaliyomo ndani ya config.plist, faili la mipangilio la OpenCore, programu inayoiwasha macOS. Bila ya hilo utaona tufaha na mstari wa kupakia, kisha kioo kinazima pale pale ulipotarajia kuona ukurasa wa kwanza. Watu wamerejesha kadi nzima dukani kwa sababu ya neno hilo moja.

Namna ya kusoma namba ni hii. Tengeneza flashi ya Linux Mint au Ubuntu kwa Rufus au Ventoy, flashi ya GB 8 inatosha. Nenda nayo dukani, iwashie kwenye kompyuta ambayo kadi imechomekwa, chagua kujaribu bila ya kusakinisha, fungua terminali uandike:

lspci -nn | grep -Ei 'vga|ethernet|network|audio|non-volatile'

Karibu na mwisho wa kila mstari utaona mabano ya namba mbili. Ya kwanza ni mtengenezaji: 1002 ni AMD, 8086 ni Intel (ndiyo, wamejipa namba ya prosesa yao ya zamani), 10de ni NVIDIA, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ya pili ni chipu yenyewe. Kwa RX 570 na 580 halisi utaona [1002:67df]. Ukiona [1002:6fdf], hiyo ni RX 580 2048SP, kadi ambayo ndani yake ni 570 iliyopewa jina la 580, na macOS haina namba hiyo kwenye orodha yake. Kwa kadi ndogo, [1002:67ff] ni chipu ya Baffin, nzuri, na [1002:699f] ni Lexa, ambayo haimo. Zote mbili zinauzwa kwa jina la RX 550. Kama dukani wana Windows tu, fungua Device Manager, sifa za kadi, Hardware Ids, utaona VEN_1002&DEV_67DF. Jibu ni lile lile.

6fdf si lazima uitupe. Unaweza kumdanganya macOS kwa kuandika kwenye config.plist, sehemu ya DeviceProperties, njia ya kadi, ambayo kwenye bodi nyingi za Intel ni PciRoot(0x0)/Pci(0x1,0x0)/Pci(0x0,0x0), halafu device-id yenye thamani DF670000. Angalia: namba imegeuzwa jozi kwa jozi. Anayeandika 67DF0000 atakaa usiku kucha akibadilisha kexti, yaani draiva za macOS, wakati kosa liko mbele ya macho yake. Mimi ningeichukua kadi hiyo kwa bei ya 570 tu, na ningemwambia muuzaji sababu.

Kwa kadi iliyotoka kwa wachimba sarafu kuna ukaguzi mwengine. Wengi walibadilisha BIOS ya kadi ili kumbukumbu iende kasi, na BIOS ya namna hiyo mara nyengine haiwashi kioo macOS ikianza. Kwenye Windows fungua GPU-Z, hakikisha alama ya UEFI imetiwa tiki, maana Hackintosh huwashwa CSM, yaani njia ya kizamani ya kuwashia, ikiwa imefungwa na kadi isiyo na UEFI haitaonesha kitu. Baadhi ya kadi za Sapphire zina swichi ndogo ya BIOS mbili ubavuni. Jaribu upande wa pili kabla ya kukata tamaa. Zungusha feni kwa kidole: ikisagika, hesabu bei ya feni ndani ya bei ya kadi.

Huenda huhitaji kadi kabisa. UHD 630 ya i5-8500 inaonesha kioo cha 1080p na kukata video za simu vizuri. Hapo AAPL,ig-platform-id ndani ya DeviceProperties iwe 07009B3E. Ukiwa na kadi ya AMD, usiizime grafiki ya ndani, ipe 0300913E ibaki nyuma isaidie kufungua video bila ya kugusa kioo. Tatizo la UHD 630 ni matundu. Tundu la VGA ulihesabu kama halipo, na vioo vingi vya mtumba tulivyonavyo ni vya VGA, kwa hivyo bei ya kioo cha HDMI au DisplayPort iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. HDMI ikiwa nyeusi, kwa kawaida macOS inadhani tundu ni DisplayPort. Washa framebuffer-patch-enable na framebuffer-con1-enable kwa 01000000, kisha framebuffer-con1-type iwe 00080000. Isipokubali, jaribu con0 na con2.

Pawasaplai. Iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa na nyepesi kama boksi la biskuti, igeuze upande wenye jedwali utafute safu ya +12V. Ukikuta 18A, zidisha kwa 12: wati 216. RX 580 peke yake hufika 185, i5-8500 ni ya 65, bodi na diski na feni tia 50. Umefika 300. Mashine hiyo itawaka, itasakinisha, itakaa siku mbili ikikuchekea, na itajizima pa! pale Final Cut inapoanza kutoa video, nawe utailaumu macOS bure. Tafuta +12V ya 30A au zaidi, na kebo ya pini nane inayotoka ndani ya pawasaplai yenyewe. Vigeuzi vya Molex huungua.

Diski ni rahisi zaidi. SSD yoyote ya SATA inakwenda. Kwenye NVMe epuka Samsung PM981, ambayo ndiyo imejaa kwenye laptopu zilizovunjwa na huangusha kenali, na Micron 2200S. Samsung 970 EVO Plus ya mwanzo inataka programu yake ya ndani iapdetiwe kwanza ukiwa Windows. WD SN550 na SN750 hazina neno. Diski ya kuzunguka usiifanye ya mfumo: APFS, mpangilio wa faili wa macOS, juu yake ni mateso.

Kwenye mtandao nasisitiza waya, na sababu ni ya hapa kwetu. Njia rahisi ya kusakinisha bila ya kuwa na Mac ni macrecovery.py, inayokuja na OpenCore: inashusha faili chini ya GB 1, unaziweka kwenye flashi ya FAT32 ndani ya folda com.apple.recovery.boot, jirani na folda EFI. Kisha kisakinishi chenyewe hushusha mfumo wote, zaidi ya GB 12, moja kwa moja kutoka kwa Apple. Kifurushi kiwe cha GB 20, na rauta iwe na tundu la kebo. Vile vidogo vya mfukoni havina, na ukiwa ndani ya kisakinishi huna wifi. Intel I219 ya bodi inataka kexti ya IntelMausi, Realtek RTL8111 inataka RealtekRTL8111. Baadaye ukitaka wifi, kadi za Intel zinakwenda kwa itlwm pamoja na programu ya HeliPort, bila ya AirDrop. Zile za Broadcom BCM94360 zilizokuwa zikisifiwa zimeondolewa tangu Sonoma na zinarudi kwa kiraka cha OpenCore Legacy Patcher tu. Vijiti vya wifi vya USB usinunue.

Kuna njia ya mkato ambayo naipenda kuliko kuunga kitu kwa kitu: kununua kompyuta ya ofisi nzima, kama Dell OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M720, ikiwa na i5-8500, na kutumia UHD 630 peke yake. Inakuja na I219, inakuja na DisplayPort, imeshapimana yenyewe. Hasara yake ni pawasaplai ya kiwanda isiyo na pini 24 za kawaida, na boksi fupi lisilomeza kadi ndefu, kwa hivyo RX 580 humo usiiote. Kwenye HP washa LapicKernelPanic na UnblockFsConnect ndani ya config.plist, bila ya hizo haifiki popote. Kwenye Dell na HP CFG Lock mara nyingi haionekani kwenye BIOS, basi washa AppleXcpmCfgLock.

BIOS: funga Secure Boot, Fast Boot, CSM, VT-d, SGX na serial port. Fungua Above 4G Decoding na XHCI Hand-off, SATA iwe AHCI, DVMT, yaani ramu ya grafiki ya ndani, iwe 64MB. DVMT isipoonekana, framebuffer-stolenmem ya 00003001 hufanya kazi yake. Kexti za lazima ni Lilu, VirtualSMC na WhateverGreen, na AppleALC kwa sauti. Kwenye B360, H310, H370 na Z390 tia faili la SSDT-PMC, la sivyo NVRAM, kumbukumbu ya mipangilio ya bodi, haihifadhi kitu na mashine inasahau kila ikizimwa. Z370 haihitaji. SSDT-AWAC ni ya saa. Ikikosekana, maandishi ya kuwaka husimama mapema sana. Folda ya EFI ya mwenzako "ileile kabisa" usiichukue kama ilivyo, maana bodi yake na yako zikitofautiana chipu ya mtandao tu umeshapotea njia.

USB watu huiacha mwisho, kumbe ingefaa ifanywe Windows ikiwa bado ipo. macOS inakubali matundu 15 kwa kila kidhibiti, na tundu moja la buluu linahesabiwa mara mbili, la 2.0 na la 3.0. Bodi kubwa huvuka hapo, na ziada yake ndiyo sababu flashi haionekani au mashine haitaki kulala. Endesha USBToolBox, chomeka flashi ya 2.0 na ya 3.0 kwenye kila tundu, chagua unayoyatumia, toa kexti yake.

Bahari nayo ina fungu lake. Kwenye nyumba za mawe ya Mji Mkongwe chokaa hudondoka unga na kuta hushika maji masika yote, na karibu na pwani chumvi hula miguu ya kadi. Sugua pini za dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha spiriti ya isopropili, kabla ya kulaumu ramu. Umeme ukiyumba, UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hivi: OptiPlex itaimudu, RX 580 ikiwa kazini itaiweka pembezoni mwa kaburi. Usianze apdeti ya macOS ikiwa uniti za umeme za Tukuza zinakaribia kwisha, maana apdeti hujiwasha upya mara kadhaa na kukatika katikati ndiko kunakoharibu APFS.

Aliyeko Wete au Mkoani, ambaye kifaa kitamjia kwa boti na kukirejesha ni safari nyengine, asiombe picha ya boksi. Ujumbe wa kumpelekea muuzaji uwe hivi:

"Assalaamu alaykum kaka. Kabla sijatuma pesa naomba picha nne. Moja, Device Manager ya hiyo kadi, sehemu ya Hardware Ids. Mbili, jedwali la pawasaplai lenye +12V. Tatu, jina la bodi lililochapwa kwenye bodi yenyewe. Nne, stika ya SSD kwa karibu, jina lake lisomeke."

Muuzaji anayejua kazi yake atazituma kwa dakika kumi. Anayejibu "we amini tu" mwache na kadi yake. Na picha ya kwanza ikija na DEV_6FDF, mwandikie bei ya 570.